Nukta za Yee: Uchambuzi wa Kisa cha Kuandaa Herufi za Vekta kwa Mashine ya Leza

Usuli

Kisa hiki kinahusu karakana ndogo ya nakshi mjini Lamu iliyopokea kazi ya vibao vya nyumba ya wageni, pamoja na duka moja la leza mjini Malindi lililopewa sehemu ya kazi hiyo. Majina ya watu, ya karakana, ya duka na ya nyumba yenyewe yameondolewa, na tarehe pia. Vipimo na mpangilio wa matukio vimeachwa, kwa kuwa bila hivyo kisa hakifundishi kitu.

Nyumba ni ya mawe, ya zamani, iliyokarabatiwa ndani ya Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuandikisha katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mwenye nyumba alitaka kibao kimoja kikubwa cha mbambakofi, milimita 560 kwa 170, chenye jina la nyumba kwa hati za Kiarabu na chini yake kwa herufi za Kirumi. Alitaka pia vibao vitano vya vyumba, milimita 160 kwa 60 kila kimoja, na vyumba alikuwa amevipa majina ya sehemu za nyumba ya Kiamu: Daka, Kiwanda, Msana, Sabule na Ndani. Kila jina liandikwe kwa hati zote mbili, na hati za Kiarabu ziwe na irabu zake kamili, maana Kiswahili kikiandikwa kwa Kiarabu pasipo irabu, msomaji hubaki kukisia.

Karakana ilikuwa na mafundi wa patasi, mzee mmoja mwandishi wa khati, yaani maandishi ya sanaa ya Kiarabu, na kijana aliyechora kwa Inkscape, programu ya kuchora kwa vekta, yaani kwa mistari inayokokotolewa badala ya vitone. Mashine haikuwa nayo. Duka la Malindi lilikuwa na leza ya kaboni dioksidi, aina ambayo mwali wake una urefu wa wimbi wa mikromita 10.6 na ambayo hufaa kwa mbao, ngozi na akriliki, yenye meza ya milimita 600 kwa 400. Opereta wake alikuwa stadi wa mashine hiyo, lakini hakusoma hati za Kiarabu. Siku kazi ilipopokelewa hakuna aliyeliuliza jambo hilo. Fomu ya duka ilitaka kujua mbao ni ya aina gani, ina unene gani na vipande ni vingapi, basi.

Mfuatano wa matukio

Faili la kwanza lilitumwa Malindi kwa WhatsApp maandishi yake yakiwa bado maandishi, yaani herufi zilizochapwa kwa fonti iliyokuwamo kwenye kompyuta ya Lamu. Kompyuta ya dukani haikuwa na fonti hiyo. Programu ikaweka nyingine badala yake, na kwa kuwa haikujua kuunga hati za Kiarabu wala kuzipanga kutoka kulia, kila herufi ilisimama peke yake na neno likaanzia mkono wa kushoto. Opereta alichoma jaribio kwenye kipande cha plaiwudi akatuma picha. Palipopaswa kusomeka Msana, msomaji anayeanza kulia alikutana na alifu, nuni, alifu, sini, kisha mimu mwishoni.

Kabla karakana haijajibu, opereta alikwisha kuona kwamba herufi hazifanani na zile za kielelezo alichoonyeshwa, ambako zilikuwa zimeshikana. Kwa nia njema alizisogeza moja moja kwa kipanya mpaka zikagusana. Katika jina Kiwanda alizigusanisha zote, hata wau na nuni, na hata dali na alifu. Sasa, wau na dali ni miongoni mwa herufi sita ambazo haziungi na inayofuata, pamoja na alifu, dhali, ree na zee. Mwanya baada yake ni halali, na ndio unaomwezesha msomaji kuzitambua. Kwa macho ya asiyesoma, mwanya halali baada ya wau na mwanya wa makosa baada ya mimu havina tofauti yoyote. Picha ya pili iliyotumwa ilikuwa nadhifu kuliko ya kwanza, na kwa sababu hiyo ilikuwa ya hatari zaidi.

Kijana wa Lamu alifanya lililopaswa kufanywa tangu mwanzo: aliyageuza maandishi kuwa maumbo, ili kila herufi iwe mzingo, yaani mstari wa ukingo wake, uliochorwa usiohitaji fonti kokote uendako. Faili likafika salama, herufi zikakaa mahali pake, na jaribio likachomwa upya. Mara hii kila mahali herufi mbili zilipoungana palibaki kidoa cheupe cha umbo la almasi, kana kwamba mbao imekataa kuungua. Sababu yake ni namna fonti za Kiarabu zinavyotengenezwa. Mkia wa herufi moja hulaliana kidogo na mwanzo wa nyingine ili pasionekane ufa, na kwenye karatasi wino hufunika wino. Programu ya leza, inapojaza maumbo, huhesabu mizingo: ndani ya mzingo mmoja ni pa kuchomwa, ndani ya mizingo miwili ni pa kuachwa, kwa kanuni ileile inayoliacha wazi jicho la herufi o. Sehemu zilizolaliana zikachukuliwa kuwa matundu. Opereta alipojaribu kuchora mzingo pekee bila kujaza, mambo yalikuwa mabaya kwa njia nyingine, kwani mistari ilikatiza ndani ya neno kwenye kila kiungo. Dawa ilikuwa kuziyeyusha herufi za kila neno ziwe umbo moja kwa amri ya muungano. Herufi za Kirumi za kibao kikubwa, zilizokuwa za mwandiko wa kushikana, zilikuwa na ugonjwa huohuo na zikapewa dawa hiyohiyo.

Baada ya hapo vipimo vikakorofisha. Kibao kilichochorwa kwa milimita 160 kilifunguka dukani kikiwa na zaidi ya milimita 213. Faili lilikuwa limehifadhiwa kwa pikseli, yaani vitone vya skrini, bila kutaja milimita. Inkscape huhesabu pikseli 96 kwa inchi, programu ya dukani ilihesabu 72, na 96 kwa 72 ni theluthi moja ya ziada. Inkscape yenyewe ilihesabu 90 hadi toleo la 0.92 la mwaka 2017, kwa hiyo anayefungua kazi ya zamani anaweza kukutana na uwiano mwingine tena. Kijana aliuweka ukurasa kwa milimita, kisha akaongeza mstari wa milimita 100 kwenye tabaka lisilochongwa. Tangu hapo opereta alianza kwa kuupima mstari huo kabla ya kugusa kitu kingine.

Lililofuata ndilo lililochukua muda mrefu, na ndilo lililonifanya niombe ruhusa ya kuandika kisa hiki. Jaribio la saizi halisi lilichomwa kwenye mbao ya mwembe, likapigwa picha, picha ikakuzwa kwenye simu, kila mtu akaridhika. Kipande chenyewe kikapakiwa kwenye basi la Mokowe, kikavuka hadi kisiwani na kutua mikononi mwa mzee. Alikisogeza mbali kidogo na uso, kama msomaji atakayesimama ukumbini, akasoma jina Ndani. Kisha akampigia opereta simu: “Mwanangu, nukta za yee zimeshikana. Anayesoma hapa ataona kasra mbili.”

Alikuwa sahihi. Yee, ambayo ndiyo herufi ya mwisho ya Ndani kwa Kiarabu, ina nukta mbili chini, na nuni inayoitangulia ina kasra, alama ya irabu i ambayo ni kistari kifupi cha mshazari, chini vilevile. Katika faili, nafasi kati ya nukta hizo mbili ilikuwa robo milimita. Doa la mwali wa leza ya aina hii lina upana wa takriban sehemu moja au mbili za kumi za milimita, na mbao huungua kidogo kupita mpaka wa doa. Nafasi ikajaa masizi, nukta mbili zikawa kistari kimoja, na kistari chini ya herufi ni kasra. Kosa kama hili halionekani kuwa kosa: hakuna ufa, hakuna mstari uliokatiza, umbo lote ni safi. Ni neno tu lililobadilika. Kwenye Sabule mambo yalikuwa karibu na hayo, kwani nukta ya bee ilikuwa imesogea ikagusa jino la herufi, na bee isiyo na nukta inayoonekana yaweza kuwa nuni, tee, thee au yee, kutegemea anayesoma anatarajia nini.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu vibao vya vyumba. Mwenye nyumba alikuwa amependa majina yatobolewe yapite upande wa pili ili mwanga wa taa uonekane. Karakana ilimshauri aache. Jina likitobolewa kwenye kibao, nukta hubaki kuwa matundu na hazina shida, lakini macho ya mimu na wau, pamoja na matumbo ya a, b na d kwa Kirumi, hukatika pande zote na kuanguka, isipokuwa yaachiwe vidaraja vya kuyashikilia. Na kidaraja ndani ya jicho la mimu lenye upana wa milimita tatu hakiachi jicho. Kama jina lingekatwa liwe umbo linalosimama lenyewe, ingekuwa kinyume chake: macho yangebaki salama, nukta zingeanguka. Uchongaji wa juujuu hauna tatizo lolote kati ya haya mawili. Mwenye nyumba akakubali, kisha akauliza kuhusu plastiki nyeupe ngumu aliyokuwa nayo stoo. Opereta alikataa papo hapo, kwa kuwa ilikuwa PVC, ambayo ikichomwa kwa leza hutoa gesi ya kloraidi ya hidrojeni, inayodhuru mapafu na kuila mashine.

Mbao ya mwembe ilichaguliwa kwa vibao vya vyumba kwa sababu ya weupe wake. Mbambakofi ni nzuri, lakini ni nyekundu ya kuiva, na mchomo wa juujuu haujitokezi juu yake.

Nukta na irabu zilirekebishwa kwa mkono baada ya maneno kuyeyushwa kuwa maumbo. Nafasi kati ya nukta mbili iliongezwa hadi milimita 0.6, nukta zenyewe zikafanywa za pembe kali ili zisifanane na vistari, kasra na fatha, kistari cha irabu a kinachokaa juu ya herufi, zikanenepeshwa hadi nusu milimita na kuongezwa mshazari. Unenepeshaji huu ulitaka uangalifu, kwa sababu amri ileile ikitumika kwa neno zima hula macho ya mimu na wau kutoka ndani. Kijana aliitumia kwa irabu peke yake. Kujaza kulifanywa kwa mistari ya milimita 0.1, sawa na mistari 254 kwa inchi. Kusogeza mistari karibu zaidi hakungeongeza uwazi kwenye mbao hii, kungeongeza masizi tu.

Mbao ilifunikwa kwa utepe wa karatasi kabla ya kuchomwa ili moshi usiuchafue uso wake. Hili lina gharama yake ndogo isiyosemwa madukani: utepe ukibanduliwa, vipande vidogo hubaki vimeng’ang’ania ndani ya macho ya wau na kati ya irabu na herufi, na hutolewa kimoja kimoja kwa ncha ya sindano.

Nambari za nyuma ya vibao, za kumwongoza fundi wa kufunga skrubu, hazikuhitaji kujazwa. Opereta alitumia herufi za mstari mmoja za ukoo wa zile zilizotengenezwa na A. V. Hershey katika maabara ya Jeshi la Majini la Marekani mwaka 1967, ambazo mashine huzipita kama kalamu na kumaliza upesi.

Kibao kikubwa kilikuwa na njia yake. Jina lilikuwa limeandikwa na mzee kwa kalamu ya mwanzi na wino mweusi, na karakana iliamua kwamba leza isichonge, iweke alama tu, kisha fundi ainue herufi kwa patasi kwa kushusha usuli wake, kama zinavyochongwa nakshi za milango. Kijana alianza kwa picha ya simu na ufuatiliaji wa kiotomatiki, yaani kuiacha programu ichore mizingo yenyewe. Programu ilifuata kila kivuli cha karatasi na kila unyoya wa wino, ikatoa mzingo wenye maelfu ya nodi, yaani vituo vinavyoushikilia mstari. Kwenye skrini haukuwa mbaya. Kwenye mashine kila nodi ni mahali pa kupunguza mwendo, na mwendo ukipungua mbao huungua zaidi, hivyo tao la nuni lilipochorwa kwenye kipande cha majaribio lilijaa vidoa vyeusi mwanzo hadi mwisho. Karatasi ikapelekwa kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi, na kijana akachora mizingo upya kwa mkono juu yake, akiweka nodi pale tao linapofika mwisho wake wa juu, chini, kulia au kushoto, na kwenye kona halisi za kalamu. Mzee alikaa kando yake akimwonyesha ni kona zipi ni za kalamu na zipi ni za mkono uliochoka.

Kisha mzingo ulisogezwa nje kwa milimita 0.3. Herufi zilikuwa za kubaki juu, kwa hiyo mbao ya kuondolewa ilikuwa nje yake. Mstari wa leza ungekaa juu ya ukingo wenyewe, ukingo ungebaki na weusi ambao msasa hauutoi bila kuilemaza herufi. Uliposogezwa nje, patasi iliuondoa pamoja na takataka.

Matokeo

Vibao vyote vilifungwa na mwenye nyumba alivipokea bila kurudisha hata kimoja. Fundi wa patasi alisema kuwa mstari wa leza ulimsaidia zaidi kwenye nukta na irabu kuliko kwenye herufi kubwa, ambazo angezifuata kwa macho tu. Plaiwudi na vipande vya mwembe vilivyoharibika kwenye majaribio, karakana na duka waligawana gharama nusu kwa nusu, ingawa fomu haikusema lolote kuhusu hilo. Mzee hakuridhika na irabu za vibao vidogo. Zilisomeka, lakini aliziona nzito.

Uchambuzi

Naafikiana na mzee. Uamuzi wa kunenepesha irabu uliokoa usomaji ila haukuwa bora, na njia iliyofaa zaidi ingekuwa kuongeza kimo cha vibao hadi milimita 75 au 80 mapema, kabla mbao haijakatwa, ili khati yote ikue pamoja. Kipimo cha milimita 60 kilitoka kwa mwenye nyumba, aliyekuwa akifikiria herufi za Kirumi, ambazo kwa kimo hicho hazina taabu. Hati za Kiarabu zenye irabu kamili zina tabaka tatu, za juu, za kati na za chini, na tabaka la kati, lenye herufi zenyewe, hupata nafasi iliyobaki. Swali la kwanza la kazi ya aina hii lingepaswa kuwa kistari chembamba kuliko vyote kitakuwa na upana gani kwenye mbao, na kibao kikatwe kufuatana na jibu.

Kukagua kwa picha ya simu kulifaa mwanzoni na kukapotosha mwishoni. Kuligundua herufi zilizotengana na vidoa vya almasi, kwa sababu makosa hayo huonekana kwa ukubwa wowote. Nafasi ya robo milimita ikikuzwa na vidole viwili hujaa skrini, na jicho huamini kwamba ipo. Kilichofaa ni kipande cha mbao ileile, kwa saizi halisi, mkononi mwa msomaji anayekitazama kutoka umbali wa mgeni. Nauli yake ilikuwa ndogo kuliko bei ya mbao moja ya mwembe.

Kuhusu opereta, sioni kosa la kumbebesha. Alichoma alichopewa, alituma picha kila hatua na alijua mbao yake. Udhaifu ulikuwa katika mgawanyo wa kazi, uliomwacha mtu asiyesoma hati akiwa wa mwisho kuigusa, tena akiwa na faili lililomruhusu kusogeza herufi. Faili lenye maumbo yaliyokwisha kuyeyushwa halimpi mtu nafasi hiyo. Neno likiwa umbo moja, hakuna herufi ya kusogeza. Ndiyo maana nadhani kugeuza na kuyeyusha ni wajibu wa upande unaosoma, hata kama upande wa mashine una programu bora zaidi. Mzee naye aliitwa kwa kibao kikubwa pekee, na vibao vya vyumba vikaonekana kuwa kazi ya kompyuta. Lau angeoneshwa karatasi iliyochapwa kwa saizi halisi kabla ya jaribio la kwanza, bila shaka angeuliza habari za nukta, ingawa karatasi isingemwonyesha masizi.

Limebaki jambo la kuhifadhi. Maandishi yakishageuzwa kuwa maumbo hayasahihishiki tena kwa kuchapa, na kijana alikuwa ameweka nakala mbili, moja yenye maandishi na moja yenye maumbo, pamoja na faili la fonti yenyewe kwenye folda moja. Mwenye nyumba aliporudi kuongeza chumba cha sita, Tekani, nakala ya maandishi ilifunguka na jina likachapwa bila taabu. Marekebisho ya nukta na irabu, hata hivyo, yalikuwa yamefanywa kwenye nakala ya maumbo peke yake, na ilibidi yapimwe upya kutoka kwenye vibao vya zamani ili Tekani isitofautiane na wenzake. Vipimo hivyo sasa vimeandikwa ndani ya faili lenyewe, kando ya mstari wa milimita 100, kwenye tabaka lisilochongwa.